Kando ya mto Loire kwa baiskeli ya mbio: upepo, gumegume na mkate wa saa saba

NEEMA: Leo tuko Ufaransa, bonde la Loire, kile kipande cha Saumur, Tours, Amboise na Blois. Mtu akitazama ramani anaona mto, mizabibu na vijiji, mlima hamna, anasema hii ni ya kunyoosha miguu tu. Kaka Baraka, ndivyo?

BARAKA: Mlima hamna, kweli. Toka Blois hadi Saumur mto unashuka mita zisizofika 50. Lakini tambarare ina deni lake, dada. Kwenye mteremko unaachia pedeli unapumua. Hapa saa tatu ni saa tatu za kukanyaga mfululizo, makalio yameganda palepale kwenye siti. Halafu kuna upepo, ambao mara nyingi hutoka magharibi, baharini, ukapanda na bonde.

NEEMA: Na watu wengi huelekea hukohuko magharibi, wanafuata maji.

BARAKA: Kosa la kwanza hilo. Piga hesabu. Unakwenda kilomita 25 kwa saa, upepo unakujia usoni kwa 20, kwa hiyo hewa unayoipasua ni ya 45. Ukinzani wa hewa haukui sawasawa na mwendo, unakua kwa kipeo cha pili. 45 gawanya kwa 25 ni 1.8, 1.8 mara 1.8 ni 3.24. Yaani hewa inakurudisha nyuma zaidi ya mara tatu ya siku tulivu. Ule mshuko wa mita 50 haukulipi hata senti.

NEEMA: Basi tunaanzia Saumur.

BARAKA: Panda treni ya mkoa, zile TER, shuka Saumur, upige pedeli kurudi juu kuelekea Tours. TER hupakia baiskeli bila kuifungua, ila kiangazi nafasi huwa za kugombania na baadhi hutaka uwe umeweka nafasi ya baiskeli mapema. Tazama utabiri jioni ya kabla ya safari. Siku upepo ukigeuka mashariki, nawe geuza safari.

NEEMA: Njia yenyewe ikoje?

BARAKA: Kaa ukingo wa kusini. Kaskazini inapita D952, barabara ya malori, haina raha. Toka Saumur unapita Montsoreau, kisha Candes-Saint-Martin, ambako mto Vienne unaingia Loire. Unavuka Vienne, unakwenda Rigny-Ussé, Bréhémont, Villandry, halafu unafuata mto Cher mpaka Tours. Ni kilomita 65 hadi 80, kutegemea utakavyozunguka. Siku ya pili ni Montlouis, Amboise, Chaumont, Blois. Vibao vya Loire à Vélo, ile njia ya baiskeli ya kufuata mto, vipo njia nzima, lakini mwenye tairi nyembamba asivifuate kama kipofu, maana vipande vingine vinampeleka kwenye kifusi kilichoshindiliwa, mvua ikinyesha kinakuwa uji.

NEEMA: Na sehemu ndefu ni juu ya matuta. Msikilizaji, tuta hapa si lile la kupunguza mwendo! Ni kingo za udongo zilizojengwa kuzuia mafuriko, na barabara imewekwa juu yake.

BARAKA: Juu kabisa, hakuna ua wala mti wa kukukinga. Mkiwa wawili pokezaneni mbele kila dakika tano, wa nyuma akae kama nusu mita kutoka gurudumu la mwenzake. Upepo ukija wa ubavu, asikae nyuma moja kwa moja, asogee kidogo upande ambao upepo hautokei. Sheria inaruhusu kwenda wawili sambamba, lakini gari likitaka kupita na likatoa ishara, mnajipanga mmoja nyuma ya mwingine. Giza likianza kuingia pia.

NEEMA: Na makalio?

BARAKA: Kila dakika kumi simama kwenye pedeli, kanyaga mara 20, kaa tena. Usisubiri ganzi. Mikono nayo ibadilishe, juu ya usukani, kwenye breki, chini.

NEEMA: Haya, tairi.

BARAKA: Upana usipungue milimita 28, mimi napendekeza 32. Mtu wa kilo 75: kwa 32 jaza bar 4 (bar ni kipimo cha presha) nyuma na 3.7 mbele, kwa 28 jaza bar 5 nyuma, 4.6 mbele. Wengi wanakaza mpaka tairi inakuwa jiwe wakidhani ndiyo kasi. Kwenye lami chakavu ya vijijini inarukaruka tu, nguvu inapotea.

NEEMA: Adui wa pale ni gumegume, lile jiwe gumu lenye ncha kali. Mizabibu ya Touraine, eneo la kuzunguka Tours, imejaa vipande vyake, na matrekta huvileta barabarani. Lami ikilowa, jiwe linanata kwenye mpira na kukata taratibu.

BARAKA: Ukipata pancha, kwanza peleka cheni kwenye gia ndogo ya nyuma, ndipo utoe gurudumu. Kabla ya kufunga tairi mara ya mwisho nyumbani, hakikisha nembo ya tairi imekaa sawa na valvu. Hii siyo urembo. Ukishaona tundu kwenye tyubu, unapima umbali wake toka kwenye valvu, unakwenda palepale kwenye tairi, na jiwe liko hapo. Usipolitoa, tyubu mpya haifiki kilomita mbili.

NEEMA: Na tundu lenyewe linazungumza.

BARAKA: Matundu mawili yamekaa jirani? Upepo wa tairi ulikuwa mdogo, ukagonga shimo, rimu ikabana tyubu. Tundu liko upande wa ndani, wa rimu? Utepe wa rimu umehama, kichwa cha spoku kimetoboa. Tairi ikichanika zaidi ya milimita 5, weka kwa ndani kipande cha tyubu ya dawa ya meno, sentimita 3 kwa 4. Kisha jaza tyubu mpya pumzi kidogo isijikunje, maliza kuvalisha tairi kwenye valvu, sukuma valvu ndani, vuta tena, zungusha ukikagua pande zote mbili ndipo upige pampu. Na vituo vya mafuta vina pampu ya valvu ya gari, kwa hiyo beba adapta ya shaba, ile ndogo kama kofia ya valvu.

NEEMA: Kwa anayetoka kwetu: kule unakwenda upande wa kulia wa barabara. Kipilefti kule unaizunguka kwa kulia, jina lake linakusaliti.

BARAKA: Na baiskeli ya kukodi, breki ya mbele mara nyingi iko mkono wa kushoto, kinyume na wengi tulivyozoea. Ijaribu ukiwa umesimama. Vijijini, njia panda isiyo na kibao, anayetoka kulia kwako ana haki ya kupita, hata kama anatoka kichochoroni.

NEEMA: Chakula?

BARAKA: Hapo ndipo watu wanaumbuka. Duka la mkate la kijiji hufunga saa saba mchana, likafungua tena saa kumi hivi, na Jumatatu mengi hayafungui kabisa. Mgahawani, saa nane jiko limezimwa. Nunua mkate asubuhi: nusu ya baguette, ule mkate mrefu mwembamba, ina kama gramu 70 za wanga, unatosha saa moja na zaidi ya kukanyaga.

NEEMA: Maji je? Kiangazi chupa mbili haziishi.

BARAKA: Makaburini. Karibu kila kijiji kina bomba getini, la kumwagilia maua. Soma kibao kwanza. Kikiandikwa eau non potable, yaani maji yasiyofaa kunywa, hayo jimwagie kichwani tu.