Uji Ndani ya Chupa ya Chai

Asanteni. Mliosimama nyuma, viti bado vipo huku mbele.

Nianze na jambo ambalo kila mwenye steshenari hapa amekutana nalo. Mteja ana picha ya pasipoti kwenye aifoni. Fomu ya mtandaoni inataka JPEG, picha yake ni HEIC; hayo ni maumbizo, yaani namna tofauti za kuhifadhi picha kwenye faili. Kijana wa kaunta anafuta herufi za mwisho za jina la faili, anaandika jpg. Fomu inagoma. Anarudia, inagoma. Mteja anaambiwa mtandao unasumbua. Mnacheka kwa sababu mmeshalisema hilo. Hata mimi nimelisema.

Uji ukiutia kwenye chupa ya chai utabaki uji. Programu nyingi hazitosheki na jina. Huchungulia baiti za mwanzo, yaani namba zinazounda faili lenyewe. Faili la PNG, umbizo jingine la picha, huanza na namba 137, kisha herufi P, N na G. JPEG huanza na 255 na 216. Kwa hiyo ukiandika jpg juu ya HEIC, umebadili kibandiko tu. Kugeuza kwenyewe ni kuifungua picha kwenye programu inayoielewa, GIMP kwa mfano, ambayo ni ya bure, kisha kuitoa upya kama JPEG. Na huyo mwenye aifoni mwelekeze aingie kwenye mipangilio ya kamera achague umbizo linalokubalika kwingi. HEIC ilianza kutumika kwenye simu hizo mwaka 2017 ili picha zisijaze nafasi.

Sasa hapa tukae kidogo. JPEG, kiwango cha mwaka 1992, huikata picha vipande vya pikseli, yaani vidoti vya rangi, 8 kwa 8, halafu hutupa yale madogo madogo ambayo jicho haliyaoni kirahisi. Ndiyo maana ni nyepesi. Lakini kila ukifungua, ukirekebisha na kuhifadhi tena, inatupa tena. Kingo za maandishi zinaanza kuwa na vumbi vumbi. Mteja anakuletea picha ya namna hiyo, imeshapita mikononi mwa watu na WhatsApp mara tano, anasema, "Kaka, nigeuzie iwe PNG, iwe safi." PNG haitupi kitu, ni kweli, lakini haiokoti kilichotupwa na mwingine. Utampa vumbi lilelile kwenye faili zito zaidi. Mwombe picha ya awali.

JPEG pia haijui uwazi, yaani sehemu ya picha inayoachwa tupu ili kilicho nyuma yake kionekane. Hili nililipia. Kuna mwaka nilipewa nembo ya PNG isiyo na mandharinyuma, nikaigeuza JPEG ili iende haraka kwa mchapaji. Fulana 40 za kijani zikarudi, kila moja na sanduku jeupe kifuani. Tangu siku ile nembo, mihuri na saini nazihifadhi kwa PNG; picha za watu ndizo nazitoa kwa JPEG.

Fomu ikidai faili lisizidi kilobaiti 200, punguza kwanza vipimo vya picha, ubora uuguse mwishoni. Picha ya pikseli 4000 kwa upana haina kazi yoyote kwenye kidirisha cha ukubwa wa stempu.

Tovuti za kugeuza bure? Kwa picha ya ua, sawa. Kwa kitambulisho cha mteja, mimi sipeleki. Unakituma kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, na mteja hakukuruhusu. Wenye picha nyingi, wekeni ImageMagick, programu ya kugeuza picha kwenye kompyuta yako mwenyewe: amri moja, folda nzima inageuzwa hapohapo dukani, hata bando likiwa limekata.

Dada pale ameuliza kuhusu WebP. Hilo nalo ni umbizo la picha, la Google, la mwaka 2010. Ukipakua picha kwenye tovuti siku hizi mara nyingi ndiyo unayopata, na programu za zamani haziitambui. Dawa ni ileile: GIMP, kisha itoe kama JPEG.

La bei ya kumtoza mteja tutaulizana kwenye chai.