Mbwa Analisikia Neno, au Anatusoma Sisi?

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Wenye mbwa nawapa kazi ya kufanya mkirudi nyumbani. Mpe mbwa wako mgongo, mikono mfukoni, kisha useme "kaa" kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama mtu anayeita mahudhurio. Wengi wenu mtageuka na kumkuta bado amesimama. Hakaidi. Siku zote alikuwa akiufuata mkono wako unaoinuka, na macho yako.

Mtego huu ni wa zamani. Ujerumani palikuwa na farasi, Hans, aliyesifiwa kwa kujua hesabu: alipiga kwato chini mpaka idadi ifike kwenye jibu. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akaonyesha kwamba muulizaji asipolijua jibu, Hans naye halijui. Alikuwa akisoma miili ya watu.

Kwa hiyo Rico, mbwa wa aina ya Border Collie, alipopimwa na watafiti wa Leipzig, Ujerumani, vitu viliwekwa chumba kingine, mwenye mbwa asivione. Matokeo yalitoka mwaka 2004: Rico alijua majina ya vitu zaidi ya 200. Lakini kilichonivutia mimi si hesabu hiyo. Walichanganya kitu kigeni na vile anavyovijua, wakamtajia jina ambalo hajawahi kulisikia. Mara 7 kati ya 10 alirudi na kile kigeni. Ni kama anasema: hawa wengine wote nawajua kwa majina, basi jina hili geni ni la huyu mgeni. Mtoto mdogo hujifunza maneno mengi kwa njia hiyohiyo.

Marekani, profesa mstaafu John Pilley alishinda na mbwa wake Chaser saa 4 hadi 5 kwa siku, miaka 3, mpaka majina yakafika 1,022. (Msijilaumu, nani ana muda huo?) Chaser pia alitenganisha jina na tendo: kitu kilekile angeweza kuambiwa akibebe, akiguse kwa pua au akiguse kwa mguu.

Tusidhani basi kwamba sauti haina kazi. Mwaka 2016 watafiti wa Budapest, Hungaria, waliwazoesha mbwa kulala tuli ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Sehemu ya ubongo inayopokea raha iliamka pale neno la sifa liliposemwa kwa sauti ya sifa. Neno hilo kwa sauti kavu, au neno lisilo na maana kwa sauti tamu, halikufua dafu.

Na sikio lao halichambui kama letu. Huko huko Budapest ilionekana kwamba ubongo wa mbwa hulitofautisha neno analolijua na upuuzi usiofanana nalo kabisa, ila ukibadilisha sauti moja tu ndani ya neno, tofauti haionekani. Kwa hiyo ukiwa na mbwa wawili, mmoja usimwite Simba na mwenzake Samba. Watakuja wote.