Mwizi aliuacha mwezi

Haya, nadhani inarekodi. Hamjambo nyote, wa Tanga, wa Mombasa, na nyinyi wa Muscat mnaonitumia salamu kila wiki. Leo niko kando ya mto Kamo, hapa Kyoto. Kwangu ni saa mbili usiku. Kwenu Afrika Mashariki saa nane mchana, watu wameshakula wanatafuta pa kujinyoosha. Nilitaka niwaonyeshe mwezi... ngoja... mnakiona hicho kidoa cheupe? Ndiyo wenyewe. Wallahi kwa macho ni kama sinia. Simu imeushindwa.

Usiku huu Wajapani wanauita wa kumi na tano, katika mwezi wa nane wa kalenda yao ya zamani. Sisi tukimsifu mtu tunasema uso kama mwezi wa kumi na nne, basi nikadhani wamekosea hesabu. Kumbe wao huanza kuhesabu mwezi ukiwa bado umefichika, sisi tunangoja uandame kwanza, na tunagombana papo hapo. Madukani kuna vitonge vya unga wa mchele, na watoto wanaambiwa mle mwezini yumo sungura anatwanga. Anatwanga! Sungura wetu angemtafuta fisi amtwangie.

Lakini nilichokuja kuwaambia ni habari ya baiskeli. Wiki mbili nyuma nilirudi kutoka kazini alfajiri, nikaiegesha chini ya ngazi, nikalala. Kuamka, haipo. Nikamlalamikia bibi jirani yangu, amepita themanini. Akacheka! Kisha akachukua risiti ya duka, akaniandikia nyuma yake mistari mitatu.

Shairi ni la Ryokan, mtawa wa Zen, njia mojawapo ya dini ya Budha, aliyefariki 1831. Aliishi kwenye kibanda mlima Kugami, huko Niigata, na hata jina la kibanda linatokana na posho ya mchele ya siku moja. Inasimuliwa kwamba mwizi aliingia kibandani mwake usiku, akachukua kidogo alichokikuta. Nimejaribu kulitia katika Kiswahili kwa mizani yao, tano, saba, tano:

Mwizi kasaza
kwenye dirisha langu
mwezi mzima.

Hilo "mzima" nimelichomeka mimi, mizani itimie. Na wala simaanishi siku thelathini, msije mkanicheka.

Niseme kweli, lilinikera. Mwenye kibanda kitupu ni rahisi kutania. Mimi kazini ni dakika arobaini kwa miguu. Lakini likanikaa kichwani. Katika nyimbo zetu mwezi ni mpenzi, au ni shahidi wa mpenzi aliye mbali. Kwa watu hawa wa Zen, mwezi mara nyingi ni ule uzinduko wa moyo wanaoutafuta miaka na miaka wakiwa wamekaa kimya. Dogen, mtawa wa Kijapani aliyeleta Soto, tawi mojawapo la Zen, kutoka Uchina, aliandika mwaka 1233 kwamba uzinduko kwa mtu ni kama mwezi ndani ya maji: mwezi haulowi, maji hayapasuki. Na mwezi wote na mbingu yote vinaenea kwenye tone la umande juu ya jani.

Juzi mvua ilinyesha. Pale chini ya ngazi, baiskeli ilipokuwa ikisimama, pamebonyea kidogo, pakatuama maji ya kujaa bakuli. Nikatoka kwenda kazini, nikaukuta mwezi umo. Nikaukanyaga kusudi, kwa kiatu cha kazi. Ukasambaratika vipande vipande kama kioo. Nikasimama. Maji yakatulia, ukajiunga: kwanza ukingo, halafu tumbo, halafu ukawa duara. Nikachelewa kazini dakika sita, na msimamizi sikujua nimwambie nini.

Watu wa Zen wana onyo lao la kale pia, kwamba kidole kinachokuonyesha mwezi siyo mwezi. Na mimi hapa robo saa nzima nimewanyoshea kidole chenye betri asilimia kumi na moja.

Nizime basi. Huu huu utachomoza kwenu baada ya saa nne na ushei, wakati wa magharibi, jua likizama. Mimi nitakuwa kiwandani napanga mayai ya kuchemsha kwenye vibweta vya chakula, na ukumbi ule hauna dirisha. Mama, ukitoka kuanua nguo, utazame. Usinipigie picha.