Mada Kwanza, Malengo Usiku wa Kikao
(Mhadhara kwa wahadhiri wapya, Moshi)

Ndugu wahadhiri, habari za asubuhi. Nianze na jambo tusilopenda kulisema hadharani: tukipanga kozi, wengi wetu tunaanza na mada. Tunafundishwa kuanza na malengo. Ralph Tyler wa Chuo Kikuu cha Chicago aliliweka lengo kuwa swali la kwanza tangu 1949, na fomu zetu za mtaala bado zinamfuata. Lakini Joan Stark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipowauliza walimu wa vyuo vya Marekani miaka ya 1980, wengi walisema wanaanza na maudhui. Malengo huandikwa usiku wa kuamkia kikao cha kamati ya taaluma. Mnacheka kwa sababu mnajua.

Siwalaumu, fani ndiyo iliyotulea. Tatizo ni kwamba mada zikitangulia, hakuna anayehesabu saa za mwanafunzi. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 10 ni saa 100, mihadhara, kujisomea na mtihani vyote humo humo. Ukifundisha saa tatu kwa wiki 15, saa 45 zimeshaondoka. Kwenye 55 zilizobaki umempa vitabu vinane, kazi ya kikundi na majaribio mawili. Na wenzako nao wamempa vivyo hivyo.

Chukueni uhasibu wa ushirika, maana tuko Moshi, mji wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro. Wiki ya kwanza: maana ya ushirika. Ya pili: historia. Ya tatu: umuhimu. Mizania ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, inafika wiki ya 13, watu wameshaanza kusaka mitihani ya miaka iliyopita. Hebu geuzeni. Kijana huyu atasimama mbele ya wakulima wa kahawa kule Kibosho, mzee anyooshe mkono: mbona malipo ya pili, yale ya baada ya kahawa kuuzwa, yamepungua? Ajue nini ndipo aweze kumjibu? Tungeni kwanza swali la mtihani linalopima hilo, kisha mpange wiki. KNCU kuanzishwa 1933 kutapata nafasi, pale tu kunapoeleza kitu kilichomo kwenye hesabu.

Kazi ngumu ni kuondoa. Kila mada ina mwenyewe, na pengine mwenyewe ndiye mkuu wa idara. Msimwambie mada yake imepitwa na wakati, mtagombana bure. Mwambieni inakula saa nane, mmuulize tuzitoe wapi. Haya, toeni mihtasari yenu ya muhula ujao, tuhesabu.