Daftari la Mtoto wa Awali Halina Kitu: Je, Anajifunza Nini?

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, wazazi na walezi wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nieleze watoto wa darasa la awali wanafanya nini hapa shuleni. Nashukuru, maana wengi wenu mmeshaniuliza: "Mwalimu, mbona daftari la mwanangu halina kitu? Kila nikipita naona wanacheza tu." Ni swali la haki. Nitalijibu kwa kuwapitisha katika asubuhi yetu.

Saa mbili tunakagua usafi, tunaita mahudhurio, tunaimba. Kisha tunakaa duara mkekani, na anayetaka anatupa habari za nyumbani. Wapo watoto waliofika Januari wakijua Kiswahili cha salamu tu, kwa sababu kwao wanaongea Kisukuma, wala si kosa la mtu. Mtoto huyo ukimwanzishia herufi siku ya kwanza, atakariri sauti asizozielewa. Kwanza aongee. Akisema, "Mbuzi yetu imezaa," simkatizi, wala wenzake hawamcheki. Namwitikia: "Kumbe mbuzi wenu amezaa! Amezaa watoto wangapi?" Ananyoosha vidole viwili. Lugha amesikia, na hesabu imeshaanza.

Baada ya hapo wanagawanyika kwenye kona za kujifunzia. Kona ya hisabati ina vizibo vya soda, magunzi na vijiti. Juzi mtoto mmoja alipanga vizibo vitano, akavihesabu vizuri kabisa. Nikavitanua mbele yake mstari ukawa mrefu, nikamuuliza, "Sasa ni vingapi?" Akajibu bila kusita, "Vimekuwa vingi!" Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alilieleza jambo hili katika karne iliyopita: mtoto mdogo huona urefu wa mstari akadhani idadi imeongezeka. Sasa fikirini, wazazi wangu. Mtoto huyu anaimba moja hadi ishirini. Namba 5 anaweza kuinakili daftarini, nami ningeweka alama ya vema, mngefurahi. Lakini tano yenyewe bado hajaishika. Ataishika kwa kuvitanua vile vizibo na kuvirudisha kwa mikono yake, leo na kesho na wiki ijayo.

Kona ya ufinyanzi tunatumia udongo wa kichuguu. Kuminya udongo kunatia vidole nguvu ya kushika penseli. Saa nne ni uji. Wakishiba ninaita "Paukwa!" nao wanaitika "Pakawa!", hadithi inaanza, na katikati nasimama kuwauliza wanadhani sungura atafanya nini. Kabla ya saa sita wanarudi kwenu.

Hapa Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, angalau mwaka mmoja. Ada ilipoondolewa kuanzia 2016, watoto walikuja kwa wingi, na inafurahisha sana kuona wamekuja. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Sisi hapa tumepita mbali. Na darasa likijaa hivyo, mwalimu anasukumwa kusimama ubaoni na kuwaimbisha "a, e, i, o, u" mpaka kengele, kwa kuwa kona saba haziwezi kusimamiwa na mtu mmoja.

Ndiyo maana naomba mzazi mmoja kila siku, kwa zamu, aje akae kwenye kona moja hadi saa ya uji. Hahitaji kuwa amesoma. Bibi anayejua hadithi za hapa kwetu ni mwalimu tosha.

Nyumbani, mpeni mtoto agawe vijiko, kimoja kwa kila mtu, na kikipungua yeye mwenyewe aseme vimepungua vingapi. Na hili nalisema kwa uchungu: mtoto wa miaka mitano asichapwe kwa kushindwa kuandika jina lake. Akichapwa usiku, asubuhi anakaa kimya mkekani, na mtoto aliyenyamaza siwezi kujua amekwama wapi.

Karatasi ya zamu iko mezani kwa mwalimu mkuu. Vizibo vileteni Jumatatu, vimeoshwa, vyenye kutu viacheni. Sasa karibuni maswali, tuanze na akina bibi mliokaa nyuma.