Unatoka Moshi Januari, unashukia Chicago: tupange begi la baridi pamoja

Karibuni, watazamaji wangu, na wakubwa wote shikamooni. Nipo hapa Moshi, na kama mnavyoona, mezani kuna begi tupu na rundo la nguo. Leo tunalipanga begi hili kwa ajili ya mtu anayekwenda Chicago kati ya Desemba na Februari. Huenda ni mwanafunzi anayeanza muhula, huenda ni bibi anayekwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa, au mtu wa semina ya wiki mbili. Chukueni kalamu, kwa sababu vitu vingine nitavitaja mara moja tu.

Kabla sijagusa nguo hata moja, tuijue kwanza hiyo baridi. Moshi mwezi wa Januari ni jua kali, mtu akitoka sokoni hadi stendi shati limelowa. Chicago mwezi huohuo, mchana wa kawaida huzunguka kwenye sifuri, na usiku hushuka mpaka nyuzi 7 au 8 chini ya sifuri. Hapo nasema siku ya kawaida. Zipo siku ambazo hewa ya kaskazini kabisa humwagika juu ya jiji, kama tarehe 30 Januari 2019, vipimo viliposoma nyuzi 31 chini ya sifuri.

Halafu kuna upepo. Jiji limekaa ukingoni mwa Ziwa Michigan, na upepo unaopita kati ya yale maghorofa hukomba joto lote lililokuzunguka mwilini. Ndiyo maana utabiri wa kule hutoa namba mbili: joto la hewa, na namna mwili unavyolihisi ukipigwa na upepo. Vaa kwa kufuata hiyo ya pili. Ikifika nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na pua na masikio ndiyo huanza. Jambo jingine, Marekani wanatumia Farenhaiti. 32 yao ndiyo sifuri yetu, na sifuri yao ni nyuzi 18 chini ya sifuri yetu. Kwa hiyo mwenyeji wako akikwambia leo ni 10, usijibu kwamba hiyo ni kama Julai ya Marangu. Hiyo ni nyuzi 12 chini ya sifuri.

Sasa, sisi wa Moshi tuna hazina ambayo mtu wa Dar hana. Kaka zetu waongoza wageni na wapagazi wanaijua baridi ya namna hii kwa kazi. Wageni huondoka kambi ya Kibo kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 4,720, karibu na usiku wa manane ili wafike kilele cha Uhuru alfajiri, na mwongozaji mzuri hamvalishi mgeni koti moja zito akaishia hapo. Anamvalisha nguo juu ya nguo, na akiona mgeni ameanza kutoka jasho anamwambia apunguze. Ujuzi huo ndio tunaouhamishia Chicago, kwa kuongeza jambo moja. Mlimani baridi inakaa na wewe usiku kucha, lakini Chicago kila mlango unaoufungua kuna joto la nyuzi 20 na zaidi, iwe nyumbani, dukani, darasani au kwenye treni. Utaingia na kutoka mara nyingi kwa siku. Mtu aliyevaa koti zito juu ya singlendi hana pa kwenda: akilivaa ndani anachemka, akilivua amebaki na singlendi. Kila nguo tutakayoweka humu lazima ivulike kwa urahisi, na inayobaki ndani iwe ya heshima.

Hatua ya kwanza ni nguo za kugusa ngozi. Tazameni hizi: suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu, nyepesi kabisa. Geuza lebo usome. Tunatafuta sufu, ambayo huandikwa Wool au Merino, au kitambaa cha kutengenezwa kama poliesta. Ukikuta Cotton peke yake, rudisha. Pamba ni rafiki yetu hapa nyumbani, ila ikinywa jasho haikauki haraka, na jasho hilo likipoa linakuondolea joto. Jozi tatu zinatosha, unafua na kuanika ndani. Mama zangu mnaopenda vitenge, msiviache: hii suruali inavaliwa chini ya gauni na hakuna anayeiona.

Hatua ya pili, nguo ya kati. Sweta la sufu au flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi, yenye zipu mbele. Mbili tu. Ninapenda ya zipu kwa sababu unaifungua ukiwa kwenye treni bila kuvuruga kilemba wala nywele.

Hatua ya tatu ni koti, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo pesa nyingi inapopotea. Nenda Memorial au Kiboriloni kwenye mitumba, au kwenye maduka ya vifaa vya mlima hapa mjini. Nenda asubuhi na uvae sweta lako ulilochagua, hata kama muuzaji atakushangaa kwa jua hili. Mwambie, "Mama, naomba nilijaribu juu ya sweta." Ukishalivaa nyanyua mikono yote miwili juu. Likikubana kwapani au likipanda mpaka kiunoni, halikufai hata kama rangi imekukaa. Koti la Chicago lishuke mpaka mapajani, liwe na kofia yake, na zipu iwe na kipande cha kitambaa kinachoifunika, kwa sababu upepo hupita kwenye meno ya zipu.

Kisha libonye hivi, kwa viganja viwili, uliachie. Koti lililojazwa manyoya ya bata, kama manyoya bado ni mazima, linanyanyuka tena lenyewe. Likibaki limelala, au ukipapasa ukakuta mabonge upande mmoja na upande mwingine kitambaa kitupu, manyoya yamekufa na halitakupa joto. Manyoya ya bata ni mepesi na yana joto kuliko yote, lakini yakilowa yananywea. Theluji inayoanguka joto likiwa karibu na sifuri ni ya majimaji, kwa hiyo kitambaa cha nje kiwe cha kuzuia maji. Lililojazwa pamba ya kutengenezwa ni zito zaidi, ila huvumilia unyevu. Jaketi la ngozi acha kabisa. Linapendeza, lakini kwa baridi hii halina msaada.

Ushauri wangu wa dhati kuhusu matumizi ni huu. Kama safari ni ya wiki mbili, nunua kila kitu hapa. Kama unakwenda kukaa mpaka masika yao, nunua hapa koti la kukufikisha salama, na lile kubwa ukalinunue kulekule, ambako utaona wenyeji wanavaa nini. Hata kule maduka ya mitumba yapo, na makoti yake ni mazuri.

Hatua ya nne, miguu. Buti zisizopitisha maji, zenye soli ya mpira yenye meno marefu. Zijaribu ukiwa umevaa soksi nene ya sufu na uhakikishe vidole vinacheza, kwa sababu kiatu kinachobana kinazuia damu na mguu unapoa haraka. Buti kuukuu za mlima zina ugonjwa mmoja: gundi ya soli huzeeka hata kama juu zinang'aa. Zikunje kwa nguvu mbele ya muuzaji, na uangalie mshono wa soli kama unaachia. Theluji nzuri nyeupe haina shida sana. Ya kuogopa ni ile iliyoyeyuka mchana ikaganda usiku, inatandaza barafu nyembamba usiyoiona juu ya lami. Ukifika hapo fupisha hatua, tembea kama bata, na mikono itoke mifukoni. Barabarani wanamwaga chumvi ya kuyeyusha barafu, nayo hula ngozi ya viatu, basi ukiingia ndani vifute kwa kitambaa chenye maji.

Kichwani ni mzula unaofunika masikio, shingoni skafu inayoweza kupanda mpaka puani. Glavu, jozi mbili, kwa sababu moja hupotea. Zile zinazoweka vidole vinne pamoja zina joto kuliko za kidole kimojakimoja.

Vitu vidogo sasa. Hewa ya ndani ya nyumba zenye mitambo ya joto ni kavu sana, midomo hupasuka na pua huweza kutoa damu. Weka mafuta ya mgando, ya mwili na ya mdomo. Umeme wao ni volti 120 na plagi ni ya pini bapa, kwa hiyo chukua kibadilishio. Kahawa ya kwetu iliyokaangwa unaruhusiwa kuwapelekea, ila nyama na matunda mabichi yaache. Na jua lao Desemba huzama saa 10 na dakika 20 hivi jioni, basi mambo yako ya nje yapange mapema.

Mnaosafiri na watoto, nisikilizeni hapa. Mtoto asifungwe mkanda kwenye kiti cha gari akiwa na koti lililovimba. Gari likigongwa koti linabonyea, mkanda unabaki umelegea. Mvue koti, mfunge mkanda ukaze vizuri, kisha mfunike kwa koti au blanketi juu ya mkanda.

Hatua ya mwisho ni kufunga. Nguo za kugusa ngozi zikunje kama bomba na uzichomeke ndani ya buti. Buti zikae chini ya begi, upande wa magurudumu. Lakini koti, mzula, glavu na sweta moja visiingie humu hata kidogo. Hivyo vinakaa kwenye begi la mkononi pamoja na benki ya chaji (power bank), ambayo hairuhusiwi kwenye begi la kupakiwa. Begi kubwa linaweza kubaki Addis Ababa au Doha siku mbili, na wewe ukawa umeshafika kwenye theluji. Pale KIA ondoka na nguo zako nyepesi. Ukitua O'Hare, uwanja wa ndege wa Chicago, na kuchukua mizigo, usikimbilie mlangoni. Tafuta choo au kiti, vaa vyote kwa mpangilio tuliofuata leo, funga zipu mpaka kidevuni, mpigie mwenyeji wako ukiwa bado ndani, maana betri ya simu hushuka haraka kwenye baridi. Akikwambia gari limefika, ndipo utoke.