Gertie na Bwana Wake: Katuni ya 1914 na Matoleo Yaliyoifuata

Mabibi na mabwana, filamu ya Gertie the Dinosaur tunayoitazama leo si onyesho lile lililowavunja mbavu watu wa Chicago mwezi Februari 1914. Winsor McCay, mchoraji mashuhuri wa katuni za magazeti, alikusudia kuionyesha akiwa mwenyewe jukwaani, kando ya skrini, mjeledi mkononi, akimwamuru dinosaria wa kuchorwa atoke pangoni, awainamie watazamaji, ainue mguu mmoja kisha wa pili. Gertie, mkaidi kama mtoto aliyedekezwa, alitii alipopenda, akamtupa ziwani mamothi, mnyama wa kale afananaye na tembo, na alipokaripiwa akaangua kilio.

Kichekesho chote kilisimama juu ya kupatana kwa mtu na picha. McCay alijifanya kurusha tufaha la kadibodi, kumbe amelificha, na papo hapo tufaha la kuchorwa likaingia kinywani mwa Gertie. Hatimaye alipita nyuma ya skrini, na kijitu cha kuchorwa kikatokea ndani ya picha, kikapanda mgongoni mwa mnyama na kuondoka naye. Haya yalihitaji maelfu ya michoro katika karatasi nyembamba, tena kila mchoro na mandhari yake kamili, kwa kuwa utaratibu wa kuchora wahusika peke yao katika seluloidi, yaani plastiki angavu, na kuwapachika juu ya mandhari moja ulikuwa haujaenea. John Fitzsimmons, kijana msaidizi, ndiye aliyenakili miamba na ziwa karatasi baada ya karatasi, na kwa maoni yangu hajapewa heshima anayostahili. Mtetemo mdogo wa mistari ya mandhari ni alama ya mkono wake.

William Randolph Hearst, mwenye gazeti lililomwajiri McCay, hakupendezwa na mchoraji wake kuhangaikia majukwaa, akambana. Mwishoni mwa mwaka huohuo likatoka toleo la kumbi za sinema, likisambazwa na kampuni ya William Fox. Lilitanguliwa na sehemu ya waigizaji hai: gari lapata pancha karibu na jumba la makumbusho, na McCay awekeana dau la chakula cha jioni na wenzake kwamba atamfufua dinosaria kwa michoro. Sehemu hiyo inajikokota, lakini hasara kubwa imo katika maandishi ya skrini yaliyochukua nafasi ya sauti ya McCay. Jukwaani, Gertie alipochelewa kutii, bwana wake aliweza kuujaza ukimya kwa kubembeleza au kufoka; katika filamu mtazamaji husoma amri, maandishi huondoka, na ukaidi wenyewe huonekana kama kusitasita tu.

Muda si mrefu ikazuka Gertie ya bandia, kazi ya watu wengine, ambayo haina ulegevu ule wa mwili unaopumua. McCay mwenyewe alianza Gertie on Tour mnamo 1921, na kimebaki kipande kifupi tu. Mwaka 1955 kipindi cha televisheni cha Walt Disney kiliigiza upya onyesho la jukwaani, kwa msaada wa Robert, mwana wa McCay. Kisha, mwaka 2018, wataalamu nchini Kanada walilijenga upya toleo la awali, wakaondoa maandishi ili mwigizaji hai asimame tena kando ya skrini. Naliona hilo kuwa toleo bora kuliko yote yaliyofuata, ingawa kila ukumbi unaotaka kulionyesha unapaswa kwanza kumtafuta mtu wa kugombana na Gertie.